Kaseti ya Mpishi wa Wamarekani

Mpishi hakuwahi kufika Marekani, lakini aliikumbuka. Alikaa kwenye kiti chake cha plastiki mlangoni kwake, hapa Ibra, Omani, akakueleza mikahawa ya kando ya barabara yenye stuli za kuzunguka, mafriji yenye milango ya mviringo, magari yenye mapezi nyuma kama papa, na viwanja ambako watu walitazama sinema wakiwa ndani ya magari yao, kila familia nyuma ya kioo chake. Alivieleza kama mtu aliyehama mwaka jana. Vyote alivipata kwenye majarida, katalogi za maduka na nyimbo, alipokuwa kijana wa jikoni katika kituo ambacho Wamarekani walikijenga Tunguu, Unguja, ili kufuatilia vyombo vyao vya angani. Kituo kilidumu miaka michache, kikafungwa baada ya mapinduzi. Yeye hakutoka ndani yake kwa miaka sitini.

Jina lake silitaji. Mtaani tulimwita Mpishi, naye akaitika. Sasa wanawe wamemchukua Maskati na nyumba imefungwa.

Naandika habari zake kwa sababu nilimkosea. Mama yake alifariki Unguja bila wao kuonana tena, na sauti yake ilibaki katika kaseti moja tu. Kaseti hiyo alinikabidhi mimi niisafishe. Niliisafisha mpaka mama hakubaki. Sikukusudia, lakini nimechoka kuanza kila sentensi kwa neno hilo.

Mimi ni mtu wa kusafisha vitu. Mchana nakaa mapokezi katika kliniki ya meno, na nikirudi nyumbani nahamisha sauti za zamani kutoka kwenye kaseti kwa kompyuta niliyoinunua kwa mtu. Hakuna aliyenifundisha kazi hii, kwa hiyo kila nikikosea naona ni ushahidi kwamba sikupaswa kuianza. Hata Kiswahili cha kuandika nimejifunza peke yangu. Nimezaliwa hapa, na Kiswahili cha nyumbani kwetu nusu yake ni Kiarabu. Mpishi alikuwa akisoma karatasi zangu kwa miwani yake iliyofungwa uzi, akinisahihisha polepole bila kunicheka. Alikuwa mtu pekee niliyeweza kumwonyesha kitu kabla hakijawa kamili.

Wanawe walipenda kusema kwamba baba yao alikuwa injinia wa Wamarekani. Nadhani waliona haya. Watu wengi waliorudi Omani kutoka Unguja baada ya mapinduzi walirudi na kitu cha kutaja, elimu au shamba la karafuu, na jikoni si jambo la kutajwa mbele ya wageni kwenye majlis. Siku moja kwenye harusi ya mjukuu wake, mgeni mmoja kutoka Nizwa alimwelekea kwa heshima kubwa.

"Nasikia mzee ulikuwa kwenye mitambo ya Wamarekani."

"Nilikuwa nakaanga mayai."

"Lakini si kulikuwa na mitambo?"

"Ilikuwapo. Niliyoishika miye ni ya kukamulia machungwa."

Mwanawe mkubwa akatazama zulia. Mpishi akaendelea kumweleza mgeni namna kila Mmarekani alivyotaka yai lake: mmoja kiini kizima, mwingine kiini kimevurugwa, mwingine limegeuzwa kidogo tu, na ole wako uchanganye. Alisema hapo ndipo alipojifunza kwamba mtu mpweke hushika sana habari za yai lake. Baadaye, huku Omani, alisimamia jiko la bweni la wanafunzi mpaka akastaafu, na walimu waliopita bweni hilo bado husema kwamba aliwauliza wavulana mia mbili wanataka mayai yao vipi.

Kila Idi, baada ya nyama, alitoa pai ya tufaha. Majirani waliiita sambusa ya sinia. Tatizo lilikuwa tufaha zenyewe, maana alitaka za mkebe. Mkewe hakuchoka kulalamika.

"Tufaha mbichi zimejaa hapo dukani, bwana. Nyekundu, kijani, utakazo. Yeye anazunguka Ibra nzima kutafuta mkebe."

"Hizo mbichi sizijui."

"Tufaha hulijui?"

"Tunguu zilikuja kwenye mkebe. Pai niliyofundishwa ni ya mkebe. Wewe kula tu."

Aliila mkewe, na akaongeza, na akasema ni tamu kupita kiasi, kila mwaka.

Na nyimbo. Sizungumzii nyimbo za Marekani za leo, ambazo hakuzitambua. Alipenda zile za mashambani, zenye gitaa linalolia kama mlango wa bati na fidla nyuma yake, na mwanamume anayeimba puani kana kwamba ameamshwa sasa hivi kupewa habari mbaya. Mama yangu aliziita nyimbo za ng'ombe. Mpishi alizigawa kwa mafungu: za treni, za jela, za mke aliyeondoka, za mama aliyeachwa kijijini. Nikamuuliza siku moja kama hakuna za furaha.

"Zipo. Za kuoshea vyombo."

"Na hizi nyingine?"

"Hizi zote ni mtu anataka kurudi kwao, na kwao hakupo tena. Ni maulidi ya walevi, mwanangu."

"Astaghfirullah," mkewe akasema kutoka ndani. "Umemsikia mzee huyu?"

"Nimesema ya walevi. Sikusema yetu."

Alikuwa mtu wa swala tano, na adhana ikianza alizima redio katikati ya neno. Alikemea vijana waliopita na magari yanayotikisa madirisha. Lakini aliweza kukufasiria, neno kwa neno, wimbo wa mtu anayezungumza na chupa yake, kwa sauti ileile ya upole aliyotumia kunieleza Kiswahili changu kilipopinda. Sikuwahi kuona anahangaika na tofauti hiyo. Mimi ningehangaika. Mimi nikikosa rakaa moja kwa usingizi nashinda siku nzima nikijihukumu.

Jambo nililochelewa kulielewa ni kwamba hakuzungumza habari za Unguja. Wazee wenzake wa hapa na wale wa Sur wakikutana, baada ya salamu na kikombe cha kwanza cha kahawa, huanza: nyumba gani ilikuwa mtaa gani, nani alimwoa nani, halua ya nani ilikuwa nzuri. Mpishi alinyamaza, au akaingiza habari za magari yenye mapezi. Wakamwona mtu wa ajabu kidogo. Nilipomuuliza kwa nini, alijibu mara moja, kama mtu aliyekuwa na jibu mfukoni kwa miaka.

"Merikani hakuna aliyenitoa."

Akaniomba nimpishe aende msikitini.

Chini ya kanzu alivaa mshipi wa ngozi wenye bizimu pana la shaba, ambao fundi mmoja wa kituo alimpa siku Wamarekani walipoondoka. Kanzu haihitaji mshipi. Nilijua upo kwa sababu siku moja, tukishuka garini, aliinama na ile shaba ikagonga mlango. Alinitazama kama niliyemkamata na kitu. Nikatazama kwingine.

Macho yalipoanza kumpungua, nilikuwa nampeleka kwa daktari Nizwa nikipata nafasi kazini. Kutoka Ibra tulipanda mpaka Bidbid, ambako njia yetu inakutana na ile ya Nizwa, na hapo lazima tusimame kwenye kituo cha petroli. Alitaka mkate wa yai na chai ya maziwa kwenye kikombe cha karatasi, na alitaka tule tumesimama, tumeegemea gari. Malori yakapita. Watu wasiojuana wakaingia na kutoka. Joto likapanda kutoka kwenye lami.

"Hapa ndipo," aliniambia.

"Ndipo nini, mzee?"

"Pa kwenye nyimbo. Barabara pana, malori, kila mtu anakwenda pake na hakuna anayekuuliza wewe mtoto wa nani." Akakunja karatasi ya mkate kwa makini, kama kitambaa cha mezani. "Nimezunguka kote, kumbe iko Bidbid."

Mara nyingine, tukirudi, aliniomba tupitie Birkat al Mauz tutazame migomba. Alitazama tu majani kupitia dirishani, kisha akasema twende.

Kaseti aliniletea kliniki, imefungwa kwenye leso, na akanipa mbele ya wagonjwa kama anayetoa jino. "Nyimbo zangu," alisema. "Isafishe isikike vizuri. Masikio nayo yameanza kufuata macho."

Hakusema zaidi. Kwa watu wa rika lake hakukuwa na haja ya kusema zaidi, na hapo ndipo kosa langu lilipoingia.

Mkanda ulikuwa umekauka. Ulikubali kupita kwenye mashine mara moja, mwishoni ukakatika vipande, lakini nilikwisha kupata sauti yote kwenye kompyuta na nikajipongeza. Kisha nikaanza kusafisha, na nikisafisha sisikilizi sana. Natazama. Sauti kwenye skrini ni kama safu ya milima, na kila baada ya wimbo niliona bonde lenye vinundu vidogo vidogo, sauti hafifu sana, dakika moja, dakika mbili. Nikaona ni uchafu. Programu ikaniuliza kama nataka kuondoa sehemu zote za sauti ndogo, nikakubali. Mabonde saba yakafutika. Nyimbo zikashikana, safi, moja inamaliza na nyingine inaingia. Nikahifadhi faili safi juu ya ile chafu, kwa sababu sipendi kuwa na faili mbili za jina moja.

Siku ya pili nikamsimulia mama yangu akiwa anakata vitunguu.

"Nimemaliza kaseti ya Mpishi. Nimeondoa mpaka yale mapengo baina ya nyimbo."

Kisu kikasimama. "Mapengo yalikuwa na nini?"

"Hayana kitu. Kelele tu, kama mtu ananong'ona."

"Ya rabbi. Hukusikiliza?"

Akaweka kisu chini, akanieleza kitu ambacho nyumbani kwetu hakikuwahi kuelezwa kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake anakijua. Miaka ile ya baada ya mapinduzi barua za kwenda na kutoka Unguja zilifunguliwa, na kaseti zilisikilizwa. Kwa hiyo aliyekuwa huku alirekodi nyimbo, na baina ya wimbo na wimbo akaacha nafasi tupu. Kaseti ikachukuliwa na msafiri. Aliyebaki kule akazijaza nafasi zile kwa maneno yake, kwa sauti ya chini, na kaseti ikarudi. Mkaguzi akiiweka anasikia wimbo, anasubiri kidogo, anachoka, anaitoa. Watu walitumia taarabu, walitumia nyimbo za Kihindi. Mpishi alitumia zake za Kimarekani, ambazo wakaguzi walizichoka upesi kuliko zote.

"Mle mlikuwa na mama yake," mama alisema. "Nenda ukamwambie kabla hajaisikia."

Sikwenda. Nilikaa wiki tatu. Nilijaribu kila programu ya kurudisha faili zilizofutwa, nikaunganisha vipande vya mkanda kwa gundi na mkasi wa kucha, vikatoka unga wa kahawia vidoleni. Nilimtumia Mpishi udhuru wa kliniki, udhuru wa homa, udhuru wa kompyuta. Naye alinitumia ujumbe wa sauti kwenye simu, mmoja kila Ijumaa, bila lawama. "Sina haraka, mwanangu. Ila nikitoka kuswali nakaa nikisubiri, kwa hiyo ukipata nafasi." Ule wa tatu sikuweza kuumaliza.

Nilikwenda baada ya swala ya alasiri. Alikuwa kwenye kiti chake.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umekonda. Umeniletea?"

Nilikuwa nimepanga maneno. Niliyaandika, nikayapanga upya, nikayahifadhi kwa moyo. Yakanipotea yote, nikasema tu kwamba nyimbo zipo lakini mama hayupo, kwamba nilimfuta, kwamba nilidhani ni kelele, na mkanda umekatika, na sina pa kumrudisha.

Akasimama kwa kushika ukuta, akaingia ndani. Nikasikia maji yakimwagika bafuni kwa muda mrefu. Mkewe akatoka na kahawa, akaniwekea kikombe, akaniona ninavyonyanyuka.

"Kaa. Ukiondoka sasa hutorudi, nakujua."

Nikakaa. Kahawa ikapoa. Alipotoka uso wake ulikuwa umelowa na hakuupangusa.

"Siwezi kukwambia si kitu," alisema. "Ni kitu."

"Naam, mzee."

"Nilikuwa nataka nimsikie kabla masikio hayajakwisha. Basi." Akakaa. Akavuta pumzi kama aliyebeba gunia ghorofani. "Unajua kaseti zilikuwa ngapi?"

"Sijui."

"Moja. Ileile. Inakuja, namsikiliza mara mbili, mara tatu, nacheka, nalia. Kisha naiweka tena kwenye redio-kaseti, narekodi nyimbo nyingine juu yake, naacha nafasi, namrudishia. Miaka sita hivyo. Kaseti zilikuwa adimu mwanzo, halafu zikajaa tele madukani Matrah, na miye bado nafanya vilevile, kwa mazoea. Niliona barua ukishaisoma umeisoma." Alitazama mikono yake. "Hii ya mwisho ilibaki kwa sababu nilikuwa bado natafuta nyimbo za kumwekea ilipokuja habari. Wewe umemfuta mara moja, mwanangu. Miye sikuhesabu."

Mkewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema kwa sauti ndogo, "Hujanambia hilo."

"Ningekwambia nini?"

Gari la kuuza maji likapita. Nilitaka kuomba radhi tena lakini niliona ingekuwa ni kumwomba yeye afanye kazi ya kunituliza, kwa hiyo nikazuia mdomo. Mpishi akaniuliza kama nyimbo zinaweza kuachanishwa.

"Zinaweza."

"Basi rudisha nafasi. Zote saba, na kila moja kwa urefu wake."

"Urefu wake siujui."

"Miye naujua. Washa saa."

Nikawasha saa ya simu. Akafumba macho, akainua kidole. Midomo yake ikaanza kwenda bila sauti, haraka, kisha polepole, ikasimama mahali kana kwamba mtu anakohoa, ikaendelea. Akateremsha kidole. Nikaandika: dakika moja na sekunde arobaini. Akainua tena. Tukafanya mara saba. Ya sita alikosea katikati, akakunja uso, akaniambia tuanze upya, kuna mtu wa kusalimiwa amemruka. Mwisho alikuwa amechoka kiasi kwamba mkewe alimwinua chini ya kwapa.

"Na usiweke kimya kitupu," aliniambia akiwa wima. "Weka ule mvumo wa kaseti. Kwenye kimya kitupu mtu hasikii kitu."

Nilitafuta kaseti tupu ya zamani, nikarekodi mvumo wake, nikaukata vipande saba na kuvipachika. Nilisikiliza kazi yote mara tatu, kwa masikio, skrini imezimwa. Siku mbili baadaye nikampelekea, pamoja na spika ndogo, nikaiweka kwenye kigoda karibu na goti lake. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa treni. Ukaisha, mvumo ukaingia, na yeye akainamisha kichwa kwa adabu, kama mtu anayezungumziwa na mkubwa wake. Midomo ikaenda. Wimbo ukaja. Nafasi ikaja. Mkewe alileta kiti akakaa upande wa pili, mikono mapajani, akisikiliza mvumo naye.

Katika nafasi ya nne Mpishi alicheka kidogo, akatikisa kichwa, akasema, "Haya, mama, nimekusikia." Kisha gitaa likaingia.